Misumari Mdomoni

Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi na misumari mdomoni. Sisemi kwa mafumbo. Mimi ni fundi wa viti vya magari hapa Keko, na fundi wa viti wa zamani hachukui misumari koponi mmoja mmoja. Anajaza kiganja, anaitia kinywani, anaihifadhi shavuni, kisha ulimi unamletea mmoja baada ya mwingine hadi kwenye midomo, huku mkono wa kushoto umevuta kitambaa na wa kulia una nyundo. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba anayeinama koponi kwa kila msumari atamaliza kiti mwakani. Mimi niliweza kubeba arobaini huku naongea na mteja, na nilijiona mtu kweli.

Naandika haya macho yangu yakiwa yamerudia weupe wake, kwa sababu juzi alinijia mama mmoja kutoka Bunju. Mumewe ni fundi wa viti kama mimi, amegeuka rangi, na mama wa watu hajui aanzie wapi. Nilimweleza nusu ya habari yangu. Nusu nyingine niliona haya kuisema mbele ya mgeni. Hapa nitaisema yote.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, pale mabasi madogo yaliyochoka Ujapani yalipoanza kumiminika mjini kwetu. Magari yaliongezeka, barabara ikabaki ile ile. Kilwa Road ilikuwa haipitishi wiki bila kumwaga damu. Ajali ikitokea watu wanajaa, majeruhi wanapakiwa kwenye gari lolote lililosimama, halafu mtu mmoja mwenye huruma anachota mchanga anafukia damu barabarani. Konda anaosha sakafu ya gari kwa ndoo ya maji ya mtaroni. Kisha gari linavutwa gereji, na viti vinaletwa kwangu juu ya mkokoteni.

Wenye magari walitaka viti virudi kabla ya wiki kwisha. Vilikuja na kila kitu: kandambili, nywele, kipande cha kanga, na damu iliyozama mpaka kwenye sponji. Sisi mafundi tulikuwa na neno letu, tulisema kiti kina "kutu", ili mteja aliyesimama karibu asishtuke. Na mwenye gari akitaka safu moja zaidi ya viti, niliifunga kwa skrubu za mbao, kwa sababu yeye ndiye bosi. Gari likipinduka, safu ile inang'oka na watu wake. Hilo nalo ni langu, silikimbii.

Vitambaa vilivyobaki vizima nilivikunja nikavipeleka nyumbani. Mke wangu, Zuhura, alivifua uani kwenye karai, kwa sabuni ya mche na mikono mitupu. Mara nyingi vilikuwa na chembe za kioo ambazo huzioni mpaka zikukate. Siku moja alinionyesha kidole kinachovuja. Nikamwambia atie chumvi, nikaendelea kunywa chai.

Sasa kuna basi lililopinduka karibu na Mtoni katikati ya masika. Viti vyake vilinifikia asubuhi ya pili yake vikiwa bado na unyevu. Wiki hiyo misumari mipya ilikuwa imeadimika madukani, kwa hiyo niling'oa ile ile ya zamani, nikainyoosha, nikaifuta kwenye suruali na kuitia mdomoni. Daktari anasema huwezi kujua ni kiti kipi kilichoniumiza, kwa kuwa midomo yangu ilikuwa na vidonda vya misumari siku zote. Mimi nina sababu yangu ya kuishuku siku ile, nitaifikia.

Mvua zilikatika, kipupwe kikaingia, nikaanza kuumwa viungo. Nikameza dawa za malaria, kama kila mtu. Nilipomaliza dozi nikameza nyingine. Baadaye chakula kikanikataa, hasa nazi; Zuhura akianza kuikuna tu mimi niko nje ya uzio natapika. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na seti ya viti vya kukabidhi Ijumaa.

Aliyenisema ni Masanja. Masanja ni fundi wa kibanda cha jirani, anatengeneza vitanda na makabati, na mtu akifa, jeneza. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana mipaka.

"Wee Mzaramo," aliniita asubuhi moja mbele za watu, "macho umeyapaka nini? Bizari? Umeanza kujiunga mwenyewe ili tukuchemshe?"

Watu wakacheka. Yeye alisogea, akanitazama vizuri, na kicheko chake kikaisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Braza, funga kazi. Twende hospitali."

Kama unaugua ugonjwa huu, jiandae kwa benchi. Hakuna aliyeniambia kwamba kuugua ni kukaa. Unafika alfajiri na kadi yako, unasukumwa sentimeta kwa sentimeta kuelekea mlango, na ukienda kujisaidia ukirudi nafasi yako ina mtu. Nilipigana na mzee wa watu kwa sababu ya nafasi ya benchi, mimi niliyeshindwa hata kubeba nyundo. Nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye macho meupe. Mwishowe nikalazwa.

Mwili wangu ulinigeuka. Suruali niliifunga kwa kamba. Kuwashwa ndiko kulikonitesa kuliko maumivu. Nilijikuna kwa kitana, kwa ukuta, kwa mkono wa kijiko, mpaka shuka likawa na madoa. Nililala mchana, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jirani yangu wodini, dereva wa lori aliyevunjika mguu, alinimenyea chungwa kila alasiri bila kuulizwa, na kwa siku nyingi chungwa lile ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni.

Mtaani nako mambo yalikuwa yamechemka. Miaka ile ukikonda tu, watu wameshakuzika. "Shomari kakanyaga miwaya," walisema, maana yake nina ukimwi, na waliosema hivyo ni wale wale niliokuwa nakunywa nao kahawa. Wanawake uani wakatenga kikombe cha Zuhura. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Binti yetu Asha, wa miaka mitano, akazuiwa kucheza na wenzake.

Ndipo mama mkwe akaja wodini. Bi Tatu ni mtu wa Mtoni, mwanamke wa maneno machache na yote yana makali. Zuhura alikuwa nyuma yake ameshika kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa. "Baba Asha, mie sina mengi. Mwanangu mja mzito. Nimekuja kukwambia namchukua yeye na mjukuu wangu."

"Mama, mie sijafanya kitu."

"Mtu haugui hivi bure. Ulikopita wakujua mwenyewe."

Alitoka kwenda kusubiri ukumbini. Zuhura akabaki, akaweka uji juu ya kikabati. Hakuniangalia.

"Baba Asha, niambie mie tu. Kuna mtu?"

"Wallahi hakuna."

"Basi umeipata wapi?"

Nilimwangalia akimfuata mama yake, mkono mmoja kiunoni kama watembeavyo wajawazito, na nililia mbele ya wanaume kumi na wawili. Nilikuwa mkweli na ukweli wangu haukuwa na faida yoyote.

Daktari aliyekuwa ananitazama alikuwa mwanamama wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Tulimwita Daktari Sakina. Baada ya vipimo aliniambia kwamba kile wanachokisema mtaani sina. Nilichonacho ni homa ya ini, ile inayokaa kwenye damu. Haina dawa ya kuifukuza. Nipumzike, nile, nisiguse pombe, nisimeze mizizi ya mtu yeyote, tungojee mwili wenyewe. Kisha akauliza maswali ambayo mama mkwe alikuwa ameshayauliza kwa njia yake. Nimewekewa damu? Nimechomwa sindano ya mtaani? Nina mwanamke mwingine? Hapana, hapana, hapana. Akaandika, lakini niliona kwamba hapana ya tatu hakuiamini sana.

Jibu lililetwa na Masanja, na wala hakujua kama amelileta.

Alikuja saa ya kuona wagonjwa akiwa na futi kamba shingoni. Bila salamu akashika miguu yangu, akaivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akanipima kutoka kisigino hadi utosini. Kisha akanipima mabega, huku akitamka vipimo kwa sauti kana kwamba ana mwanafunzi anayeandika. Mtu aliyetoka nchi isiyo na utani angemwita polisi.

"Jamani," alisema, "mbao ninazo. Mzaramo huyu kakonda, nitaokoa mbao nyingi. Tatizo mdomo. Sie tutamfungaje mdomo marehemu aliyejaa misumari? Hata malaika wakija kumuuliza maswali atawajibu hivi." Akajaza mashavu upepo, akabana midomo, akaanza kuongea kwa puani huku anatema misumari ya hewa na kuipigilia kwenye kitanda changu: mmm, tu! mmm, tu! Ndivyo ninavyofanya hasa. Dereva wa lori alicheka mpaka akashika mguu wake uliovunjika. Mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nilazwe, na ubavu wa kulia ukaniuma.

Daktari Sakina alikuwa kitanda cha pili. Aligeuka.

"Misumari gani?"

Masanja akashtuka, akaficha futi kamba. "Utani tu, daktari. Huyu mtani wangu, tunafanyaga hivi."

"Utani naujua. Nauliza misumari."

Nikamweleza kazi yangu, kwa fahari kidogo, hata na ile hesabu ya arobaini. Akauliza kama misumari ni mipya. Nikasema mingine. Mingine inatoka wapi? Kwenye viti. Viti vya magari gani? Nilipomjibu, aliweka kalamu mfukoni akakaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi.

"Bwana Shomari," alisema, "ulikuwa unaweka damu za watu mdomoni."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nilimwambia Masanja, kimbia Mtoni, kamwambie mama mkwe, sina mwanamke, ni misumari! Ni misumari tu! Nilikuwa nimekaa kitandani, nimenyoosha mikono, nataka kushuka.

Daktari akangoja nitulie. "Na vile vitambaa vya viti," aliuliza, "nani anavifua?"

Furaha yangu ilidumu kiasi hicho tu.

Zuhura aliletwa kesho yake, mama yake yuko naye. Nilianza kueleza, nikashindwa, daktari akamaliza. Zuhura alifungua viganja vyake akavitazama, kisha akavinyoosha kwa daktari. Makovu membamba ya vioo yalikuwa kwenye vidole vyote viwili vya shahada na kwenye gumba. Hapo nilikumbuka ile chumvi niliyomwambia atie.

Bi Tatu alikuwa amesimama dirishani. Alinigeukia, na safari hii hakukuwa na makali, ila uchovu.

"Afadhali ungekuwa na hawara, mwanangu," alisema.

Wakamtoa Zuhura damu. Majibu yalichukua wiki mbili, na mimi katika wiki hizo nikaruhusiwa kutoka, kwani manjano ilikuwa imeanza kushuka. Huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko yote, si ule wa kuwashwa. Zuhura na Asha walikuwa wamerudi nyumbani, na kila asubuhi nilimchungulia macho Zuhura kabla hajaamka vizuri. Yalikuwa meupe. Alikula, alifagia, alimsuka Asha, tumbo lilikua. Nilisema moyoni, mtu mwenye nguvu hivi hana ugonjwa.

Alikuwa nao. Mimi niliyebadilika rangi ndiye niliyepona. Miezi sita baadaye kipimo changu kilikuwa safi. Zuhura, ambaye hakuumwa hata kichwa, anao mpaka leo, umekaa kimya ndani yake, na kila miezi sita tunarudi kuuchungulia kama umeamka. Daktari Sakina alituambia kwa uangalifu kwamba huenda aliupata kwenye vitambaa, huenda kwangu, huenda hata utotoni kwao Mtoni, kwa maana wengi wanao wala hawajijui. Kipimo hakisemi ulikotoka. Nilimwona Zuhura akiliegemea hilo la utotoni, akitaka kunipa njia ya kutokea. Sikustahili.

Iliyobaki ilikuwa ni mimba. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye ugonjwa ule anaweza kuupokea siku hiyo hiyo, na kwake ukiingia hautoki kirahisi. Kulikuwa na chanjo, lakini hospitali zetu za kawaida hazikuwa nayo wakati ule. Kliniki moja ya watu binafsi mjini iliagiza kwa wanaoitaka. Mafundi wa Keko, wale wale walionizika na miwaya, walichangishana bila kuniambia. Sitasema nani alitoa nini, kwa kuwa hata mimi walikataa kunitajia.

Mtoto alikuja na mvua za vuli. Zuhura alipoanza uchungu, Masanja alichukua baiskeli yake na chupa ya chai, akajaza barafu ya wauza samaki, akaenda kuifuata ile dawa mjini. Daktari alikuwa ameonya kwamba isipate joto na wala isigande, basi Masanja akaizungushia kitambaa cha sofa. Alirudi amelowa chapa chapa, chupa ameikumbatia kifuani. "Mzaramo," alisema, meno yakigongana, "mwanao akilia, mwambie mjomba wake Mnyamwezi ndiye aliyemletea sindano. Anichukie mapema." Mtoto tulimwita Sefu, na alichomwa akiwa na umri wa saa tatu. Akachomwa tena mwezi uliofuata, na ya mwisho ikaja masika yaliporudi. Bi Tatu alihamia kwetu kipindi hicho chote, akanipikia ndizi za kuchemsha bila nazi, na hatukulizungumza tena la hawara. Sefu alipotimiza mwaka na nusu walimpima. Hana kitu. Bi Tatu alisujudu pale pale ukumbini, kwenye sakafu ya hospitali, watu wakampisha.

Kwa hiyo wewe mke wa fundi wa Bunju, na wengine mnaogusa magari yaliyoua, nitawaambia ninavyofanya sasa. Kiti chenye damu hatukiiti tena kina kutu. Tunakiita kina damu, mbele ya mteja, na asiyependa akachukue kiti chake. Sponji iliyolowa haioshwi, inachimbiwa shimo na kuchomwa. Kitambaa kinalala kwenye maji ya klorini kabla mtu hajakigusa, navaa glavu nene, na anayefua ni mimi mwenyewe, pale pale kibandani, wanaume wa Keko wakinipigia miluzi. Msumari wa zamani unatupwa. Mipya naikamatisha kwenye sumaku ya spika mbovu ya redio niliyoifunga kwenye kifundo cha mkono. Na viti navifunga kwa bolti zinazopita chini ya sakafu. Safu ya kuongeza sifungi, hata bosi aje na kaka zake. Mkipata ajali njiani, saidieni watu, lakini vaeni hata mfuko wa plastiki mikononi. Hamjui.

Hiyo ndiyo nusu niliyomwambia yule mama.

Mwezi uliopita nilikuwa na Zuhura kwenye benchi, zamu yetu ya miezi sita. Hatuongei sana pale. Alikuwa anacheza na bangili zake, zile mbili za fedha alizopewa na mama yake, akaniuliza tu kama mtu anayepitisha muda:

"Baba Asha, hivi misumari ina ladha gani?"

"Ya chuma."

"Siku zote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimeshasema ndiyo kwa madaktari, kwa mama mkwe, kwa Masanja. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yake meupe, na nikachoka.

Nilimwambia kwamba siku ya vile viti vya Mtoni, nilipoitia ile misumari mdomoni, nilisikia chumvi. Nilijua ni nini. Sikudhani, nilijua. Lakini mwenye gari alikuwa amesimama mbele yangu, na mafundi wawili wa kibanda cha pili walikuwa wamekuja kutazama nilivyo mwepesi wa mkono, nami nikaona aibu kutema. Nikameza mate. Nilimaliza kiti kile na vingine vitatu.

Benchi likasogea mara mbili, tukasogea nalo.

"Na jioni ile ile ukaniletea vitambaa," alisema.

"Ndiyo."

"Ukajua vina nini."

"Ndiyo, Mama Asha. Nilijua."

Muuguzi akafungua mlango akaita jina lake. Zuhura alisimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, na mimi nikatazama sakafu, nikingoja aende zake. Hakwenda. Nilipoinua macho alikuwa anavua bangili, moja, halafu ya pili, kwa sababu zinawasumbua wakitafuta mshipa.

"Nishikie," alisema.

Nilizishika kwa mikono miwili mpaka alipotoka.